Kimya cha Jangwani Nusura Kivunje Ndoa Yangu

Nyumba nzuri, mtaa safi, mume ana kazi ya maana. Sasa mbona nilikuwa nalia kila siku?

Mpenzi msomaji, hebu fikiria umezinduka saa 8 usiku, ukatega sikio. Hakuna mbwa anayebweka. Hakuna muziki wa baa, hakuna pikipiki, hakuna jirani anayegombana na mumewe, hakuna hata jogoo aliyekosea saa. Unachosikia ni friji tu. Inanguruma jikoni, inanyamaza, halafu inanguruma tena. Nilikaa kitandani nikajiuliza, "Hivi watu wa huku wote wamekufa?"

Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu Gilbert, mji ulio kusini-mashariki mwa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani. Mimi ni mtoto wa Sinza. Nimekulia kwenye kelele, nimesomea kwenye kelele, na kwa kweli hata usingizi nilikuwa naupata vizuri zaidi pale jirani alipofungulia redio. Juni 2023 niliacha kazi yangu ya benki Dar es Salaam nikamfuata mume wangu, aliyekuwa ametangulia kwa miezi minane kufanya kazi ya uhandisi wa kompyuta. Rafiki zangu walinifanyia kijisherehe cha kuniaga. Wote walisema neno moja: "Shoga, umeula!"

Na mimi niliamini nimeula. Tulifika usiku, saa 3 hivi. Milango ya uwanja wa ndege ilipofunguka nikapigwa na joto usoni, nikadhani kuna basi limeegeshwa karibu na injini inawaka. Nikageuka kutafuta basi. Hakukuwa na basi. Mume wangu akacheka, akasema, "Hapo limeshapoa, mke wangu. Ngoja uone mchana."

Mtaa usio na watu

Nyumba tuliyopanga ina vyumba vinne, kapeti kila mahali, na jiko ambalo mama yangu angeliona angepiga vigelegele. Nje, nyumba zote zina rangi ya mchanga na vigae vya rangi ya udongo. Zinafanana mno kiasi kwamba wiki ya kwanza nilipotoka kutupa taka nilirudi kwa kuhesabu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, hii ndiyo yetu. Uani umezungushiwa ukuta wa tofali unaozidi kimo changu. Mbele ya nyumba hakuna majani, kuna kokoto, mti mmoja na dungusi wawili watatu.

Kokoto hizo zina sababu yake. Hapa ni jangwani, na sehemu kubwa ya maji ya eneo la Phoenix yanatoka mbali. Kuna mfereji mkubwa unaosafirisha maji ya Mto Colorado kwa zaidi ya kilomita 500 kukatiza jangwa. Mwaka huo wa 2023 Arizona ilipunguziwa asilimia 21 ya mgao wake wa mto huo kwa sababu ya ukame. Sasa wewe umwagilie majani ya urembo ya nini?

Gilbert yenyewe ilikuwa ya wakulima, mashamba ya pamba na majani ya mifugo. Sensa ya mwaka 1980 ilihesabu watu 5,717. Ile ya 2020 ilihesabu 267,918. Yaani watu wote hao wamekuja, wamejengewa nyumba, wameingia ndani, wamefunga milango. Mimi nilikuwa nakaa dirishani nikiwatafuta. Asubuhi mlango wa gereji unapanda wenyewe (nasema gereji, siyo ya fundi, ni chumba cha kuegeshea gari), gari linatoka na vioo vimepandishwa, mlango unashuka. Jioni gari linarudi, mlango unapanda, gari linaingia, mlango unashuka. Mtu humwoni mguu wala mkono.

Mume wangu alikuwa anatoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 12 jioni. Viza yangu ya mwenza wa mfanyakazi haikuniruhusu kufanya kazi. Kuendesha gari nilikuwa sijui. Dar nilipanda daladala maisha yangu yote na sikuona ubaya. Huku mtaani kwetu basi halipiti. Kwa hiyo nilikuwa na saa 12 kwa siku za kukaa na friji.

Nyumbani tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilitafuta jembe hilo nikalikosa.

Siku niliyofuata vitunguu

Halafu likaja joto lenyewe. Kuanzia Juni 30 hadi Julai 30 mwaka 2023, siku 31 mfululizo, Phoenix ilifikisha nyuzi 43 au zaidi kila siku. Julai 19 hata alfajiri, wakati ambao huwa na baridi kuliko wote, joto halikushuka chini ya nyuzi 36. Ukishika mlango wa gari unaungua. Maji ya bomba la baridi yanatoka ya moto. Mwaka huo kaunti ya Maricopa, iliyo na miji mingi ya eneo la Phoenix, ilithibitisha vifo 645 vilivyohusiana na joto.

Takwimu hizo nimekuja kuzijua baadaye. Siku ile nilijua kitu kimoja tu, kwamba nimeishiwa vitunguu na nyama ipo jikoni. Duka liko kama kilomita mbili. Nikajiambia, mtoto wa Dar aogope jua? Nikavaa kandambili, nikajitanda kanga kichwani, nikatoka saa 7 mchana.

Ndugu yangu, jua la Dar linakutahadharisha. Unatoka jasho, nguo inaganda mgongoni, unajua sasa nitafute kivuli. Jua la jangwani halina ustaarabu huo. Hewa ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujaliona, unadhani uko salama. Nilipofika nusu ya njia kichwa kikaanza kugonga. Nikaona lami inacheza. Nikakaa chini ya mti mmoja wa huku wenye shina la kijani na vijani vidogo kama vya mkwaju, kivuli chake ni jina tu. Nilitaka kumpigia mume wangu, lakini vidole vilikataa kushika simu.

Gari likasimama. Akashuka bibi mmoja, mvi tupu, akanishika mkono na kuniingiza ndani. Alinipeleka kwake, akanilaza sakafuni kwenye vigae vya baridi, akaniwekea taulo lenye barafu shingoni na makwapani, akaninywesha maji kidogo kidogo. Alitaka kuita gari la wagonjwa, nikamwomba asiite kwa kuwa nilikuwa nimesikia habari za bili zake. Leo najua lilikuwa kosa kubwa. Ningeweza kufa kwa kuogopa karatasi.

Nilipopata nguvu ya kuuliza yeye anakaa wapi, nilichoka. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwezi mzima, hatukuwahi kuonana.

Ugomvi

Usiku ule tuligombana kama hatujawahi kugombana.

"Wewe mtu mzima, unatembeaje jua la saa 7?" mume wangu alisema.

"Na wewe unaniachaje kwenye jela yenye kapeti?"

"Jela? Mimi naamka alfajiri kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako! Mimi nilikuwa na kazi, nilikuwa na watu!"

Baada ya hapo hatukusemeshana siku tatu. Sasa jamani, kununiana Sinza ni jambo dogo. Unatoka, unakwenda saluni, unamwaga moyo, unarudi mwepesi. Kununiana jangwani, watu wawili ndani ya vyumba vinne, ni adhabu. Siku ya tatu nilitoa sanduku kabatini nikalifungua juu ya kitanda cha wageni.

Arizona iko nyuma ya Tanzania kwa saa 10, kiangazi na kipupwe, kwa sababu sehemu kubwa ya jimbo hilo haibadilishi saa kama Wamarekani wengine. Kwa hiyo ilipofika kwetu saa 2 usiku nilijua Dar ni saa 12 asubuhi ya kesho yake, na mama yangu mdogo ameshaamka, anafagia. Nikampigia. Nikalia, nikaeleza yote, nikategemea aseme rudi nyumbani mwanangu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Tiketi hata mwezi ujao zipo. Ila nikuulize kitu. Huyo mwenzio umemwambia kwamba unaogopa, au umemwambia tu kwamba una hasira?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwambia habari za joto, kapeti, vitunguu. Kwamba usiku nikizinduka naogopa nitakufa kwenye nyumba ile na hakuna mtu atakayejua mpaka jioni, hilo sikuwahi kulitamka.

Umeme ulipokatika

Jioni moja mwishoni mwa Julai mbingu ikageuka rangi ya chai. Huku kiangazi kina msimu wake wa dhoruba, na mara nyingi upepo unatangulia na ukuta wa vumbi. Wenyeji wanauita kwa neno la Kiarabu, haboob. Tulifunga madirisha. Vumbi likapita, mvua ikashuka kwa kishindo, na mara paaa! giza. Umeme umekatika mtaa mzima.

Mume wangu alishtuka. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu nifike Marekani, nilijua la kufanya. Mgao wa umeme nani asiyeujua? Niliwasha tochi ya simu, nikazuia friji isifunguliwe, nikajaza maji kwenye sufuria. Ila nyumba hizi bila kiyoyozi zinageuka tanuri haraka. Tukaenda gereji, mume wangu akavuta kamba nyekundu inayofungulia mlango kwa mkono, tukausukuma juu. Nikatandika mkeka wangu niliokuja nao kutoka Dar, tukakaa pale mlangoni tukiangalia mvua.

Kisha harufu ikaja. Jangwani kuna kichaka kimoja, majani yake madogo yana utomvu, na mvua ikiyagusa yanatoa harufu ambayo siwezi kuilinganisha na kitu. Ni kali kidogo, safi, kama dawa na udongo kwa pamoja. Nilivuta pumzi mpaka machozi yakanitoka. Nikasema, "Naogopa." Nikayasema yote, gizani, bila kumtazama usoni.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Unajua chakula cha mchana huwa nakila wapi?" Nikasema kazini. Akasema, "Nakila ndani ya gari. Nawasha kiyoyozi, nakula peke yangu. Wenzangu wanazungumza mpira wao wa Kimarekani, vichekesho vya vipindi vya utotoni mwao, mimi sijui pa kuingilia. Miezi minane kabla hujaja nilikuwa hivyo hivyo. Ningekuambiaje, wakati wewe umeacha kila kitu unifuate?"

Msomaji wangu, kumbe tulikuwa wapweke wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja anamficha mwenzake ili asimvunje moyo!

Tulipoinua macho, milango ya gereji za jirani nayo ilikuwa imefunguka, mmoja baada ya mwingine. Watu walitoka. Nikaona watoto. Nikaona mzee mwenye kiti cha kukunja. Yule bibi aliyeniokoa akaja na barafu zilizoanza kuyeyuka, akasema heri zinywewe kuliko zipotee. Umeme uliporudi baada ya saa kadhaa, wengine walipiga makofi, mimi nikajisikia vibaya.

Baraza letu

Kesho yake tulikaa chini tukapanga, kama watu wazima. Yeye akaahidi kunifundisha gari kila Jumamosi saa 11 alfajiri kabla ya jua. Mimi nikaahidi kutokaa na jambo moyoni zaidi ya siku moja. Na wote tukakubaliana kwamba siku ambazo hali ya hewa inaruhusu, jioni mlango wa gereji unakaa wazi, gari linalala nje, sisi tunakaa ndani ya gereji na chai. Hilo ndilo likawa baraza letu. Wa kwanza kusimama kutusalimia alikuwa mzee wa kiti cha kukunja, na mbwa wake. Wa pili mwanamke wa Kihindi na mtoto wa kigari. Kumbe watu walikuwepo. Walikuwa wanangoja mlango mmoja uwe wazi.

Agosti ikaja barua. Mitaa mingi ya aina hii ina jumuiya ya wenye nyumba, inatoza ada na kutunga sheria: rangi ya ukuta, siku ya kutoa pipa la taka, magugu. Barua ilisema tuna magugu mbele ya nyumba, tuyaondoe. Nikatoka kuangalia. Pembeni mwa mti, pale mpira wa maji unapodondosha matone, palikuwa na mchicha! Mchicha pori, umenona, unanitazama.

Nikacheka, nikaenda kumwonyesha bibi. Yeye ni Mmarekani mwenye asili ya Mexico. Alipouona tu macho yakamng'aa. "Quelites!" alisema. Mama yake alikuwa akiupika, na wenyeji asilia wa jangwa hili, Waoodham, waliula kabla hata ya mji kuwepo. Tukauchuma wote, jumuiya ikapata kokoto zake safi. Mimi nikaupika kwa nazi ya kopo, yeye kwa vitunguu na pilipili. Tukala gerejini. Tangu siku hiyo mbegu zangu za mchicha nazipanda uani, nyuma ya ukuta, ambako barua hazifiki.

Kimya kina uzuri wake

Oktoba jua likapungua makali, na ndipo nikaelewa kwa nini watu wanapapenda huku. Kuanzia hapo hadi Aprili ni kama Lushoto. Anga halina doa, machweo yana rangi ya embe. Jumapili tunakwenda kwenye mabwawa ya hapa Gilbert, hifadhi ya ekari 110 iliyotengenezwa kwa maji taka yaliyosafishwa, na ndege wa kila aina wanatua humo. Ni maji ya bafuni kwetu hayo, yamegeuka nyumba ya korongo.

Tunapanda milimani kuona saguaro, ule mnara wa dungusi wa kwenye sinema. Kwa asili unaota katika jangwa hili la Sonora tu. Mkono wake wa kwanza unaweza kuchukua miaka 50 hadi 75 kuchomoza. Mume wangu akiniona nalalamika kwamba mambo hayaendi, ananiambia, "Mwangalie yule, hajapata hata mkono mmoja." Namzomea, lakini nanyamaza.

Sitakudanganya kwamba yote yamekwisha. Mpaka leo sijaruhusiwa kufanya kazi, na hilo linaniuma. Nasoma uhasibu chuoni jioni nikisubiri. Leseni nilipata kwa jaribio la pili. Juni ikikaribia moyo unanidunda. Na lile sanduku bado lipo kabati la wageni, ila sasa limejaa mablanketi.

Mkitaka kuhamia sehemu kama hii

* Zungumzeni viza kabla ya kuacha kazi. Ulizeni wazi: nani ataruhusiwa kufanya kazi, na asiyeruhusiwa atafanya nini saa 12 za mchana?
* Jifunze kuendesha gari kabla ya safari. Mitaa hii imejengwa kwa ajili ya gari. Asiyeendesha ni mfungwa wa anayeendesha, na ndoa haipendi hivyo.
* Usifike Juni. Ukiweza, fika Oktoba au Novemba. Mwili uzoee, na majirani utawaona.
* Heshimu jua. Tembea alfajiri, beba maji hata kwa dakika kumi. Kichwa kikigonga na kizunguzungu kikianza, ingia kwenye baridi. Mtu akichanganyikiwa au kuzimia, ita gari la wagonjwa papo hapo. Bili itazungumzwa baadaye.
* Kung'uta viatu. Nge wapo. Kuna tochi ya mwanga wa zambarau, ukimmulika usiku anang'aa kijani. Mume wangu ndiye mwindaji wetu rasmi.
* Tengeni bajeti ya umeme. Kiyoyozi cha Julai hakina huruma.

Na la mwisho, ambalo halihusu jangwa. Mwenzio akinyamaza, usidhani ameridhika. Mwulize. Mimi kimya cha mtaa nilikizoea. Usiku huu nakiandika hiki friji inanguruma na sijali. Kimya kilichotaka kunifukuza kilikuwa kile cha meza ya chakula, watu wawili, sahani mbili, kila mmoja na simu yake. Hicho hata Sinza kipo.